Mashimo ya Sirikwa: Jengo Lililochimbwa Badala ya Kuinuliwa

Kati ya mwaka 1176 na 1209, wakati mafundi wa Uingereza walipokuwa wakijenga daraja kubwa la mawe juu ya mto Thames jijini London, wafugaji wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya walikuwa katika kipindi ambacho desturi ya kuchimba mazizi kwenye miteremko ya vilima ilikuwa ikichipuka. Daraja lile lilibomolewa katika karne ya 19, na hata hivyo sifa zake zinajulikana na watu ambao hawajawahi kufika London, ilhali mazizi haya, ambayo mengi bado yanaonekana ardhini na ambayo wasomi huyaita mashimo ya Sirikwa, hupitwa kila siku na watu wasiojua kwamba wanapita kando ya jengo.

Kwa wakazi wa Merigi, katika Kaunti ya Bomet, jambo hili haliko mbali, kwani mojawapo ya maeneo yaliyofanyiwa uchunguzi ni Chemagel, karibu na Sotik, ndani ya kaunti hiyohiyo. Mwanaakiolojia J.E.G. Sutton, ambaye kitabu chake kuhusu akiolojia ya nyanda za juu za magharibi kilitolewa mwaka 1973, aliyafuatilia mashimo haya tangu miaka ya 1960 katika eneo pana linalojumuisha Cherangani, Uasin Gishu, Nandi, Nakuru na Sotik. Kipenyo cha shimo kwa kawaida ni kati ya mita 10 na 20, na kina chake cha wastani hukadiriwa kuwa mita 2.4; mara nyingi mashimo hukaa kwa makundi, mengine yakiwa chini ya kumi, mengine yakizidi mia moja.

Kosa linalorudiwa zaidi ni lile la kudai kwamba watu waliishi ndani ya mashimo, dhana iliyoenezwa na baadhi ya waandishi wa enzi ya ukoloni na ambayo bado husimuliwa, ingawa uchimbaji umeonyesha mpango tofauti kabisa. Shimo lilikuwa ua wa ng'ombe. Nyumba za mviringo zilijengwa nje ya ukingo wake, zikiegemea zizi, na mlango wa kila nyumba ulifunguka ndani ya zizi lenyewe, hivi kwamba mtu hakuweza kuingia nyumbani bila kupita kwanza kwenye lango la ng'ombe. Kwa kuwa zizi lilichimbwa mteremkoni, upande wa juu ulikuwa na ukuta mrefu wa udongo, na lango jembamba likawekwa upande wa chini. Ukingo nao ulizungushiwa ua. Mvamizi aliyetaka kuswaga mifugo usiku alilazimika kuitoa kupitia njia moja tu, iliyokuwa mbele ya macho ya familia nzima, na hapo ndipo ubora wa mpango huu unapodhihirika, kwa sababu sehemu kubwa ya ulinzi ilitokana na umbo la ardhi.

Vifaa vilifuata mazingira. Kwenye nyika zenye miti michache, kama vile Uasin Gishu, kuta za shimo zilikingwa kwa mawe yaliyopangwa makavu, yaani bila chokaa wala udongo wa kuyagandisha, huku katika maeneo yenye mvua na misitu, ambako mbao zilikuwa tele, ua wa miti ulitosha. Ukuta mkavu una faida ambayo wajenzi wa leo huisahau: maji ya mvua yanayojikusanya nyuma yake hupenya katika nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe, kwa hiyo hayapati nguvu ya kuusukuma ukaanguka, jambo ambalo ukuta wa saruji hulipata tu ukitobolewa matundu ya kutolea maji.

Sehemu ya jengo inayodharauliwa kuliko zote ni lundo la samadi. Zizi lilipojaa kinyesi na matope, lilikwanguliwa na taka zake zikatupwa nje karibu na lango, na kadiri miaka ilivyopita lundo hilo lilikua likawa kilima kidogo kinachomwonyesha mtafiti lango lilikuwa wapi. Udongo wa mazizi ya kale hauchoki upesi: utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018, uliohusu maboma ya wafugaji katika Kaunti ya Narok yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, uligundua kwamba samadi ya kale bado imeutajirisha udongo kwa rutuba na kuotesha majani mazuri yanayovuta wanyama wa porini. Maboma hayo ni ya kale kuliko mashimo ya Sirikwa, lakini kanuni ni ileile.

Kuhusu watu waliochimba mashimo haya, ni vyema kuacha hadithi ya taifa la ajabu lililotoweka. Desturi ya kuchimba mazizi ilikoma kufikia karne ya 18, lakini kuacha mtindo wa ujenzi si kufa kwa watu, na wataalamu wengi huwahesabu Wakalenjin wa leo miongoni mwa warithi wao, huku baadhi ya watu hao wakiwa wamemezwa na jamii za Wamaasai.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya aina hii, ila sheria haiwezi kulinda kisichotambuliwa, na trekta linalosawazisha shamba halitofautishi bonde la asili na zizi la miaka 600. Katika maeneo ya chai, ambako kila kipande cha ardhi kina thamani, kaunti ingepaswa kuorodhesha mashimo yaliyosalia kabla ya mashamba mapya kufunguliwa, kazi ambayo haihitaji fedha nyingi kama inavyohitaji wazee wanaoyajua na vijana walio tayari kutembea nao. Hyrax Hill, eneo lenye mashimo kama haya karibu na jiji la Nakuru, palipochimbwa na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938 na kutangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1943, ni mfano wa kinachowezekana.

Zizi moja lilitumika kulaza ng'ombe, mbuzi na kondoo, kukamulia maziwa, kulindia ndama na kupokelea wageni waliokuja kwa lango lile lile.