Kumbe Ian, Evans, Jane na Yahya wote ni Jonte!

Simama pale Kencom saa kumi na moja jioni, watu wakingoja mathree, kisha uite kwa nguvu, "Jonte!" Wasee kadhaa watageuka. Lakini manze, kuna wengine wengi hapo walistahili kugeuka na hawajui.

Jina lilianza kwa Kiebrania, Yohanan, yaani Mungu ni mwenye neema. Wagiriki wakasema Ioannes, Walatini Iohannes, halafu kila taifa likalikata kivyake. Mwingereza akabaki na John, na hiyo "h" imekaa hapo tu bila kazi. Mrusi ni Ivan, Mhispania Juan, na Hans wa Ujerumani ni Johannes aliyefupishwa. Kwa Waganda ni Yokana. Ethiopia walikuwa na mfalme Yohannes wa Nne, aliyetawala 1872 hadi 1889.

Sasa rudi kwa ploti yenu. Ule Ian wa juu? Huyo ni John wa Scotland. Evan ni John wa Wales, na "s" ya mwisho ni ya "mwana wa", so ukipata Evans Johnson, jamaa ni mwana wa John mara mbili! Shaun ametoka Ireland. Jane, Joan na Janet pia ni wa boma hilo, walipitia Ufaransa. Na Yahya wa Eastleigh asijitoe: nabii ambaye Kurani inamwita Yahya, mwana wa Zakaria, ndiye Yohana Mbatizaji wa Biblia ya Kiswahili.

Shida ni kwamba ofisi haijali hii historia. Guka yangu alibatizwa Yohana, na shamba likaandikwa hivyo. Kitambulisho kikaja na John. Alipoaga, karani akatuangalia tu: hawa ni watu wawili. Ilibidi tuape kwa wakili kwamba Yohana na John ni mzee mmoja, na tukalipa doo.

Kwa hivyo cheki cheti cha kuzaliwa, certi ya shule na ID kama zinasoma sawa, ukiwa bado hai wa kujieleza. Kiapo kinatosha mara nyingi. Ukitaka kubadilisha jina kabisa, hiyo ni deed poll, na inachapishwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali.

Shosho naye hakuwahi kusumbuka na hayo yote. Kwake mzee alikuwa Baba Kamau tu.