Kishikwambi cha Bei Nafuu na Mwanafunzi wa Kiswahili: Mafunzo kutoka kwa Aakash

Makala haya yanadhamiria kupima manufaa na mapungufu ya kishikwambi cha bei nafuu kwa kuegemea kisa kimoja kinachojulikana vyema, yaani kishikwambi cha Aakash kilichozinduliwa nchini India mwaka wa 2011. Suala hili si la wataalamu wa tarakilishi peke yao. Mwanafunzi ambaye mkopo wake wa masomo, baada ya kulipia karo, chumba na chakula, humwachia fedha za kununulia kifaa kimoja tu kwa miaka minne hana nafasi ya kukosea. Akinunua kisichomfaa, atasoma nacho kwa taabu mpaka ahitimu, na huenda tasnifu yake akaiandikia katika saiba akihesabiwa dakika.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Nchini Kenya wengi husema tabuleti. Kishikwambi ni jina lililoenea zaidi Tanzania, hasa wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka wa 2022 ambapo makarani walikitumia kifaa hicho kukusanyia takwimu. Makala haya yanatumia kishikwambi. Wanaolikataa neno hilo kwa hoja kwamba ni geni masikioni wakumbuke kuwa tarakilishi nalo halijakubaliwa na kila mtu hadi leo, na bado linafundishwa.

Aakash, jina lenye maana ya anga katika Kihindi, kilizinduliwa jijini New Delhi tarehe 5 Oktoba 2011 na Kapil Sibal, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya elimu. Kiliundwa na kampuni ya Datawind. Serikali ya India ilikinunua kwa takriban dola 50, na ikakusudia kumpa mwanafunzi kwa takriban dola 35 baada ya kufidia sehemu ya bei. Ili kuelewa mshangao uliozuka wakati huo, inafaa kukumbuka kwamba iPad ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 2010, ilianza kuuzwa kwa dola 499. Aidha, mradi uliotangulia wa kumpa kila mtoto tarakilishi ya dola 100 ulikuwa umeshindwa kufikia bei hiyo: kufikia mwisho wa mwaka wa 2007 tarakilishi hizo ziligharimu karibu dola 188. Kwa hivyo, dola 35 lilikuwa dai zito.

Bei hiyo ilipatikanaje? Jibu ni kwamba kila kipengele kilipunguzwa mpaka kikomo. Kioo kilikuwa cha inchi 7, chenye nukta 800 kwa 480. Prosesa ilikuwa ya megahezi 366, kumbukumbu ya kufanyia kazi megabaiti 256, na hifadhi ya ndani gigabaiti 2. Hakikuwa na nafasi ya kadi ya simu, hivyo kilitegemea mtandao usiotumia waya. Kioo chenyewe kilikuwa cha aina inayohitaji kubonyezwa: tabaka mbili nyembamba zilizoachana kidogo hugusana pale kidole kinapokandamiza, nacho kifaa kikatambua mahali zilipokutana. Vioo vya simu tulizozoea leo havihitaji nguvu hiyo, kwa kuwa huhisi badiliko la uga wa umeme wa kioo pale kidole, ambacho hupitisha umeme, kinapokigusa. Tofauti hii yaonekana ndogo katika maelezo, lakini kwa anayefunua kurasa 200 za riwaya kwa kidole ni tofauti kubwa.

Zipo hesabu ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuzifanya kabla ya kulipa. Makala mengi anayoyahitaji hayapatikani kama vitabu vya kielektroniki ambavyo maandishi yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Hupatikana kama kurasa zilizofungwa, ama zilizopigwa picha, za ukubwa wa karatasi ya A4. Ndivyo ilivyo kwa jarida la Swahili Forum, linalosomwa bila malipo mtandaoni, na kwa nakala nyingi za zamani za makala ya isimu na fasihi. Sasa, karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha Aakash kikisimamishwa kilikuwa na upana wa sentimita 9 hivi. Ukurasa mzima ukionyeshwa hapo, herufi za ukubwa wa 12 zinashuka hadi takriban 5. Mstari wenye herufi 80 unagawiwa nukta 480, yaani nukta 6 kwa kila herufi, na alama ndogo kama ritifaa ya ng' inayotenganisha ng'oa na ngoa inaweza kupotea machoni. Msomaji analazimika kukuza ukurasa, kisha kuusukuma kushoto na kulia katika kila mstari. Anayesoma shairi lenye vina vya kati na vya mwisho atakuwa amekwisha kusahau kina cha kwanza atakapokifikia cha pili.

Toleo la pili, Aakash 2, lilizinduliwa tarehe 11 Novemba 2012 na Rais Pranab Mukherjee, likiwa na prosesa ya gigahezi 1, kumbukumbu maradufu na kioo kisichohitaji kubonyezwa. Bei haikupanda. Hili ni jambo la kutiliwa maanani, kwani linaonyesha kuwa sehemu kubwa ya udhaifu wa kifaa cha kwanza ilitokana na wakati wake, wala si unafuu peke yake. Hata hivyo, kioo kilibaki cha inchi 7 chenye nukta zilezile 800 kwa 480, na hesabu ya ukurasa wa A4 ikabaki vilevile. Mradi wenyewe ulikumbwa na mvutano kati ya kampuni na taasisi iliyopewa jukumu la kuvifanyia vifaa majaribio, kuhusu ugumu wa majaribio hayo. Usimamizi ukahamishiwa taasisi nyingine, na mamilioni ya wanafunzi waliotarajiwa hawakufikiwa.

Waliokitetea Aakash walikuwa na hoja moja yenye nguvu: kilinganishwe na kutokuwa na chochote, kisilinganishwe na iPad. Hoja hiyo ingali na uzito. Kamusi, sarufi na Wikipedia ya Kiswahili iliyopakuliwa kwa programu ya Kiwix ili isomwe pasipo mtandao huingia katika kifaa chepesi kuliko daftari, na mwanafunzi aliye kijijini wakati wa likizo hubaki na maktaba ndogo mkononi. Lakini mwanafunzi wa leo mara nyingi ana simu tayari. Kwake yeye, swali ni iwapo kishikwambi hiki kinamwongezea jambo ambalo simu yake haiwezi. Kama kioo hakizidi cha simu kwa kiasi cha kutosha, jibu ni hapana.

Upande mwingine wa bei ni ule usioandikwa kwenye kisanduku. Mwaka wa 2015 kampuni ya Amazon ilitoa kishikwambi cha inchi 7 kwa dola 49.99, bei inayokaribiana na ile serikali ya India iliyolipa. Kilikuwa bora kuliko Aakash kwa kila kipimo. Siri ni kwamba bei hiyo ilikuja na matangazo ya biashara kwenye kioo kikiwa kimefungwa, na anayetaka yaondolewe alilipa dola 15 zaidi. Isitoshe, kifaa kilikuwa pia mlango wa kuingilia dukani kwa muuzaji. Mnunuzi alilipa sehemu ya bei kwa fedha na sehemu nyingine kwa macho yake.

Umri wa programu nao ni gharama. Aakash cha kwanza kilikuja na Android 2.2. Mnamo Oktoba 2023 WhatsApp ilikoma kufanya kazi katika matoleo ya Android yaliyo chini ya 5.0. Vifaa vingi vya namna hiyo vilikuwa vizima kimwili siku hiyo, ila kwa mwanafunzi ambaye ratiba, maswali na matangazo ya darasa lake hupitia huko, vilikuwa vimekufa. Kifaa cha bei nafuu kikiuzwa na toleo kongwe, miaka minne ya chuo hukipita.

Kenya nayo ina uzoefu wake. Mpango uliotangazwa mwaka wa 2013 wa kuwapa wanafunzi wa darasa la kwanza vipakatalishi ulipotekelezwa kuanzia mwaka wa 2016, walichopewa wanafunzi kilikuwa vishikwambi. Ilibidi shule za msingi ziunganishiwe umeme na walimu wapewe mafunzo. Kifaa chenyewe kilikuwa sehemu tu ya bajeti.

Ipo kazi moja ambayo hata kishikwambi cha chini huifanya vyema, nayo ni ukusanyaji wa data ya fasihi simulizi nyanjani. Mtafiti anayerekodi nyimbo za jandoni au masimulizi ya wazee anahitaji maikrofoni, kamera na hifadhi. Sauti isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 300 kwa saa, hivyo gigabaiti 2 za Aakash zingejaa kabla ya saa saba, hata kama zingekuwa tupu. Kifaa chenye gigabaiti 32 hutosha wiki nzima ya kazi, na kadi ya ziada ikiwekwa huondoa hofu kabisa. Kinachobaki ni betri. Ile ya Aakash ilikadiriwa kudumu takriban saa tatu, na manju hasubiri chaja. Unukuzi na uandishi wa tasnifu, kwa upande mwingine, hutaka kibodi ya kweli, kwa sababu ile ya kwenye kioo cha inchi 7 hufunika karibu nusu ya ukurasa. Kibodi isiyowashiwa Kiswahili nayo husahihisha maneno kwa Kiingereza pasipo kuulizwa. Mwenye fedha za kifaa kimoja pekee, na anayetarajiwa kuandika kurasa mia moja, afadhali atafute kipakatalishi kilichotumika, kisha amwazime mwenzake kishikwambi wiki ya kwenda nyanjani.