Mwaloni wa Algeria

Mwaloni wa Algeria (*Quercus canariensis*) ni mti mkubwa wa jenasi *Quercus* katika familia Fagaceae. Asili yake ni Ureno ya kusini, Hispania, Moroko, Algeria na Tunisia. Hujulikana hasa kwa majani yake ambayo hubaki mtini karibu majira yote ya baridi.

Jina

Spishi hii ilipewa jina la kisayansi mwaka 1809 na mtaalamu wa mimea Mjerumani Carl Ludwig Willdenow. Neno *canariensis* lina maana ya "kutoka Visiwa vya Kanari", lakini mti huu hauoti kiasili visiwani humo. Hata hivyo, kanuni za majina ya mimea haziruhusu kubadilisha jina kwa sababu tu maana yake si sahihi.

Maelezo

Mti hufikia urefu wa mita 20 hadi 30, na kipenyo cha shina kinaweza kufika mita 1.5. Gome ni nene na lina mipasuko. Majani yana urefu wa sm 10–15 na upana wa sm 6–8, na kingo zake zina jozi 6 hadi 12 za meno mapana yaliyo butu. Majani machanga yana manyoya laini ambayo hutoka mapema, na hapo jani hubaki karibu bila manyoya.

Maua ya kiume na ya kike hutokea kwenye mti mmoja. Yale ya kiume huning'inia katika vishada vyembamba, na chavua hupeperushwa na upepo. Tunda ni kokwa yenye urefu wa sm 2.5 hivi iliyokaa katika kikombe kifupi. Hukomaa katika mwaka uleule wa kuchanua.

Majani wakati wa baridi

Mialoni mingi ya Ulaya hupukutisha majani kabla ya baridi, ilhali mwaloni wa koki (*Quercus suber*) huwa na majani mwaka mzima. Mwaloni wa Algeria uko katikati: majani ya zamani hubaki mpaka mapya yanapokaribia kuchipuka katika majira ya kuchipua. Baridi ikiwa kali, huanguka mapema zaidi. Katika eneo la Mediteranea mvua hunyesha hasa wakati wa baridi na kiangazi ni kikavu, kwa hiyo majani yaliyobaki huweza kuendelea na usanisinuru wakati udongo una maji.

Mazingira

Mti huu huhitaji unyevu kuliko mwaloni wa koki. Hivyo huota zaidi kwenye mabonde na miteremko yenye mvua nyingi, kama milima ya Kroumirie nchini Tunisia na hifadhi ya Los Alcornocales huko Hispania. Ukame na mifugo inayokula miche huzuia misitu kujirudisha, kwa maana miti mizee haipati warithi.

Matumizi

Mbao zake ni ngumu na nzito. Huko Algeria na Tunisia zilitumiwa kutengeneza mataruma ya reli.