Chuo cha afya: Tuhesabu magunia kabla ya kuuza maksai

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wa hapa Mpui huijia kamati ya msikiti wetu na swali lile lile: kijana amefaulu kiasi, je, tumpeleke chuo cha afya akasomee utabibu? Swali hilo ni zito, kwa sababu nyuma yake kuna jozi ya maksai au ekari za shamba zitakazouzwa.

Tuanze na upande wa dini. Utabibu ni fardhi kifaya. Imamu Ghazali, katika Ihyaa Ulumid-Din, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kurundikana katika mabishano ya fiqhi ilhali miji mingine haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Lawama hiyo imepita miaka mia tisa, na bado inatugusa sisi wa Ufipa, ambako Waislamu tu wachache na ambako masista wamebeba mzigo mkubwa wa tiba kwa miongo mingi. Tunawashukuru kwa hilo. Lakini mama zetu wanaotamani kuzalishwa na mkunga wa kike wa imani yao watampata wapi, iwapo hatusomeshi mabinti?

Hata hivyo, ubora wa jambo hauondoi gharama yake. Stashahada ya utabibu, sawa na ya uuguzi na ukunga, huchukua miaka mitatu. Ada peke yake katika vyuo vingi hupita shilingi milioni moja kwa mwaka, na bado hujahesabu malazi, chakula, sare, bima, mitihani na nauli za mafunzo ya vitendo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa jumla ni milioni mbili na nusu kwa mwaka na gunia la mahindi la kilo 100 linauzwa shilingi 50,000. Hayo ni magunia 50 kila mwaka, na 150 hadi kuhitimu, kabla nyumba haijala wala kununua mbolea. Tena mahindi yetu huvunwa bei ikiwa chini, nayo awamu ya pili ya ada hudaiwa mvua ingali ikinyesha na ghala likiwa tupu. Aliyeuza yote wakati wa mavuno hana budi kukopa Machi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko ada yenyewe. Mikopo inayoitwa kausha damu ni riba iliyo wazi, na mwanafunzi anayekatishwa masomo mwaka wa pili hurudi nyumbani na deni bila leseni. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, zikiwamo fani za afya. Lakini si kila kozi ya afya imo, hivyo mwongozo wa mwaka husika usomwe kwanza. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Mwenye shaka juu ya masharti yaliyobaki amwulize mwanachuoni kabla ya kutia saini.

Jambo jingine ni sifa za kujiunga. Utabibu hutaka ufaulu wa masomo manne, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia, na masomo ya dini hayahesabiwi. Alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo hutufurahisha sana msikitini, haimfungulii kijana mlango huo. Chuo nacho kihakikiwe katika orodha ya NACTVET, kwani cheti cha chuo kisichosajiliwa hakina thamani hata kikiwa na mhuri mzuri.

Na faida je? Tabibu huaminiwa kuendesha zahanati ya kijiji, na hiyo ni heshima na riziki. Lakini ajira ya Serikali huja kwa tangazo, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wapo wahitimu wanaojitolea kwa muda mrefu wakisubiri. Kwa maoni yetu, kijana mwenye alama za C katika masomo yale matatu aende kidato cha tano, ambako ada ilifutwa mwaka 2022. Stashahada inamfaa zaidi aliyepata D zake nne halali, mwenye moyo wa kuhudumia wagonjwa, na ambaye jamaa zake wana uhakika wa miaka yote mitatu. Mwaka mmoja wa uhakika hautoshi.

Uhakika huo si lazima utoke katika ghala moja. Zaka ya mazao yaliyonyeshewa na mvua ni sehemu moja ya kumi, na nisabu yake ni takriban kilo 653. Mkulima aliyevuna magunia 60 anadaiwa sita. Wakulima kumi wa namna hiyo hutoa magunia 60, nasi tumeona kuwa mwanafunzi mmoja anahitaji 50 kwa mwaka. Hatusemi zaka yote iende chuoni; wajane na wazee wana haki yao. Lakini mwanafunzi fukara naye ni fukara, na binti anayesomea ukunga angestahiki kutangulizwa. Kamati imekusudia kuketi na wakulima juu ya hili baada ya swala ya Ijumaa, kabla mavuno hayajaanza.