Dampa lisiloruhusiwa barabarani na saruji ya Bugarama

NZAHAHA, Rusizi — Barabara inayoteremka kutoka Kamembe kwenda Bugarama hupita katika sekta ya Nzahaha, na kwa mfanyabiashara wa mpakani ni barabara ya hesabu. Huko juu Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Chini, bonde la Bugarama linakaribia mita 950, sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Kongo iko ng'ambo ya Mto Ruzizi, Burundi iko ng'ambo ya Ruhwa. Lori linalopanda na saruji au mchele linakula mafuta kwa kila kona, na kila kona huishia kwenye bei ya mfuko ukifika dukani Bukavu.

Wauzaji wa saruji, au simenti kama isemwavyo upande wa pili, wanaijua safari hiyo vizuri. Wanajua kiwango cha kubadilisha faranga kwa dola, wanajua siku ambazo foleni ya mpakani ni ndefu. Safari wasiyoiona ni ile ya kwanza kabisa: kilomita chache kutoka machimbo ya mawe ya chokaa hadi kwenye mashine ya kuyaponda. Haipiti forodha wala mizani. Lakini ikikwama wiki moja ya mvua, wao ndio wanaosimama getini na pesa mkononi bila mzigo.

Kiwanda cha CIMERWA kilichopo Bugarama kilianza uzalishaji miaka ya 1980. Mitambo yake mipya, yenye uwezo wa tani 600,000 za saruji kwa mwaka, ilizinduliwa 2015, na mwanzoni mwa 2024 hisa zake nyingi zilihama kutoka kampuni ya PPC ya Afrika Kusini kwenda kundi la Devki la Kenya. Tani 600,000 ni mifuko milioni 12 ya kilo 50. Ni mifuko 33,000 hivi kila siku ya Mungu, kiwanda kikifanya kazi kwa uwezo wake wote.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo hadi machimboni. Tani moja ya klinka huhitaji takribani tani moja na nusu ya malighafi, sehemu kubwa ikiwa mawe ya chokaa. Chukua dampa kubwa linalobeba tani 39 kwa mkupuo. Mzigo huo hutoa klinka ya tani 25 hivi, na klinka hiyo ikisagwa pamoja na majivu ya volkano na viungo vingine hutoa mifuko kati ya 500 na 650, kutegemea kama unatengeneza 42.5 au 32.5. Yaani safari moja ya dampa ni sawa na mzigo wa lori zima linalovuka mpaka. Ili kiwanda cha ukubwa huo kishibe, zinahitajika zaidi ya safari 50 kwa siku.

Dampa ninalolizungumzia si tipa la kawaida, wala si semi la kuvuta kontena. Ni gari lililokatwa katikati na kuunganishwa tena kwa kiungo. Mbele kuna injini na chumba cha dereva, nyuma kuna beseni la mzigo, na kiungo kilichopo kati yake hufanya kazi mbili. Kwanza hujikunja kulia na kushoto kwa nguvu ya haidroliki, na hivyo ndivyo gari linavyokata kona, kwa maana magurudumu ya mbele hayageuki yenyewe. Pili, kiungo hicho huzunguka, kiasi kwamba upande wa mbele unaweza kuegama kushoto huku beseni likiegama kulia. Matairi yote 6 hubaki yamekanyaga ardhi, na yote 6 yanaweza kusukuma. Tipa likiingia kwenye shimo huinua gurudumu moja hewani, gurudumu hilo huzunguka bure, na gari limekwama. Dampa la kiungo hujinyonga, hupita.

Wazo hilo lilitoka shambani. Mafundi wa Sweden katika miaka ya 1950 walichukua trekta la kulimia, wakaling'oa ekseli ya mbele na kulifunga moja kwa moja kwenye trela linaloendeshwa na injini ileile. Mwaka 1966 likatoka gari kamili, ambalo leo ni ukoo wa madampa ya Volvo. Hapa Afrika habari inafanana kwa namna ya kushangaza: kampuni ya Bell ya Afrika Kusini ilianzia kwenye mashamba ya miwa ya Zululand, ikitengeneza mashine za kupakia miwa, kabla ya kuingia kwenye madampa ya kiungo ambayo sasa huuzwa dunia nzima kutoka Richards Bay. Mkulima anayehangaika na tope ndiye aliyempa mchimba madini gari lake.

Na tope Rusizi lipo. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza njia za machimbo kuwa utelezi, na udongo wa mfinyanzi wa bondeni hunasa kama gundi. Hapo ndipo mabishano ya wakandarasi wengi wa ukanda wetu huanza. Tipa la Kichina la magurudumu 10 au 12, hasa Howo, ni rahisi kununua, spea zake zinapatikana kila mji, na jioni linaweza kutoka machimboni likaenda kubeba mchanga wa mtu mwingine. Dampa la kiungo ni ghali mno, linakunywa kati ya lita 20 na 40 za dizeli kwa saa kulingana na mlima na udongo, na halijui kazi nyingine. Kwenye njia ngumu, kavu na iliyotengenezwa vizuri, mwenye tipa ana haki ya kucheka. Ila kicheko hicho ni cha kiangazi. Mkandarasi anayepiga hesabu yake kwa miezi ya jua peke yake hugundua Aprili kwamba matipa matatu yaliyokwama, pamoja na katapila lililoacha kuchimba ili kuyavuta, yanamla pesa kuliko dampa moja.

Mengine wafanyabiashara wanaweza kuwaachia wahandisi. Linalowahusu moja kwa moja ni namna chuma hiki kinavyofika hapa, na namna kinavyolishwa spea.

Dampa la tani 39 lina uzito wa tani 30 hivi likiwa tupu. Likijaa linafika karibu tani 70, juu ya ekseli 3. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019 na kuwatoa jasho wasafirishaji wengi, inaruhusu tani 10 kwa ekseli ya kawaida inayosukuma na tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Dampa lililojaa lingeiponda lami kwa zaidi ya tani 20 kwa kila ekseli. Kwa hiyo gari lenye nguvu kuliko yote wilayani haliruhusiwi kwenda sokoni.

Husafiri basi kama abiria, juu ya lobedi. Hapo kuna mtego ambao wakala mpya wa forodha hujikwaa nao: uzito unaweza kupita, upana usipite. Lobedi, kichwa chake na dampa tupu vinaweza kubaki ndani ya tani 56, lakini dampa la ukubwa huo lina upana wa zaidi ya mita 3, wakati lori la kawaida ni mita 2.6 hivi. Hapo ni mzigo usio wa kawaida, wenye kibali chake maalumu, gari la kusindikiza na vitambaa vyekundu, na kwa kawaida hutembea mchana tu. Kibali cha Tanzania hakikusaidii Rwanda. Kila nchi hutoa chake, na kila siku ya kukisubiri ina kodi ya lobedi.

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali ni takribani kilomita 1,500. Pale Rusumo mzigo huo mpana unahama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto na Rwanda kulia. Daraja la zamani la Rusumo lilikuwa la njia moja na dhaifu kwa mizigo ya namna hii. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyozinduliwa rasmi Aprili 2016 na marais Paul Kagame na John Magufuli, vilibadilisha habari hiyo. Kisha kuna zaidi ya kilomita 200 nyingine: Huye, Kitabi, msitu wa Nyungwe na kona zake, Ntendezi, Kamembe, ndipo mteremko wa Nzahaha. Ndani ya Nyungwe lobedi ikikutana na basi kwenye kona, mmoja lazima asubiri, na mvua ikiporomosha udongo wote husubiri.

Ikiwa dampa moja linafika kwa jasho hilo, spea zake nazo hufuata njia ileile, ila zenyewe hufuata kila mwezi. Tairi la 29.5R25 ambalo dampa la tani 39 huvaa lina kimo cha mtu mzima, na pamoja na ringi yake linapita nusu tani. Huwezi kulipakia juu ya basi la Kigali. Filta hubadilishwa kwa saa za kazi, si kwa kilomita: saa 250, 500, 1,000. Pini na bushi za kiungo huliwa na vumbi la chokaa zisipopakwa grisi kila siku. Na hozi za haidroliki hupasuka bila taarifa. Hozi moja ya usukani ikipasuka, gari zima la tani 30 linakaa kimya katikati ya njia, na yaliyo nyuma yake pia.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mfanyabiashara wa kawaida ana nafasi, na si kwenye tairi wala injini, ambazo mikataba yake hubaki kwa mawakala wakubwa wa Nairobi, Kampala na Dar. Ni kwenye hozi. Mashine ya kubana hozi huenea juu ya meza. Ukiwa nayo, pamoja na mizunguko ya mipira ya vipimo vinavyotumika zaidi na boksi la viungio, unaweza kumtengenezea mteja hozi yake ndani ya nusu saa badala ya kumwambia angoje siku 4. Inahudumia dampa, inahudumia katapila, inahudumia hata tipa la Howo na pampu ya mpunga.

Kuhusu karatasi, makosa mawili hujirudia. La kwanza ni cheti cha asili. Filta iliyotengenezwa Sweden haigeuki bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imelala mwaka mzima kwenye ghala la Nairobi. Cheti cha asili cha Jumuiya hutolewa kwa kilichotengenezwa humu kwa masharti yake, na anayeahidi kukupatia cha njia ya mkato anakutafutia kesi. La pili ni la anayefikiria kuagiza dampa lenyewe, hata lililotumika. Orodha ya ushuru inayo namba yake ya madampa yaliyoundwa kufanya kazi nje ya barabara, 8704.10. Tipa la barabarani lina namba nyingine. Wakala akiandika lori kwa mazoea, utalipa na kushughulikiwa kama mwenye lori. Soma fomu kabla haijatumwa, na uhakikishe namba ya chasisi kwenye karatasi ndiyo iliyogongwa kwenye chuma.

Mpaka wenyewe haujatulia. Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhini na Rwanda Januari 2024, na kituo cha pamoja cha Ruhwa kilichojengwa ili kurahisisha mambo kikabaki bila kazi yake. Februari 2025 vita viliingia Bukavu. Mwenye duka la saruji hahitaji kuelezwa maana yake.

Hata hivyo kazi kubwa inayotazamiwa hapa ni ya mto ambao nchi hizi zinauchangia. Ruzizi II, ya megawati 43.8, huendeshwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo. Chini yake umepangwa mradi wa Ruzizi III, megawati 206 za kugawanywa sawa kwa nchi hizo tatu, mradi uliozungumzwa kwa zaidi ya miaka 10. Bwawa halijengwi kwenye ukingo mmoja. Kutakuwa na mawe ya kuhamisha Rwanda na mawe ya kuhamisha Kongo, kwenye miteremko ambayo tipa halitapenda.

Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, lakini forodha yake bado ni yake. Dampa litakalovuka kwa siku 2 kusaidia ng'ambo litakuwa limetoka nchi moja na kuingia nyingine, likihitaji dhamana ya kuingia kwa muda na tarehe ya kurudi. Fundi wa hozi wa Kamembe atavuka asubuhi na kurudi jioni kama wavukavyo wauza nyanya. Mashine yake ya kubania, iliyo ndani ya boksi begani, itaulizwa karatasi.