Kauli za "Kila" na Suala la Kuwapo kwa Vitu

Katika mantiki, yaani taaluma inayochunguza ni hitimisho lipi hufuata kwa lazima kutoka katika kauli zilizotangulia, ni vigumu kupata kauli inayoonekana nyepesi kuliko ile inayoanza na neno "kila". Hata hivyo, kauli ya namna ya "kila A ni B" imewagawa wanamantiki kwa karne nyingi juu ya swali moja: anayeitamka anakuwa pia amedai kwamba A ipo, au anaweza kuwa amesema kweli hata kama hakuna A hata moja?

Aristotle (384–322 KK) alizipanga kauli katika aina nne, ambazo ni "kila A ni B", "hakuna A iliyo B", "baadhi ya A ni B" na "si kila A ni B", kisha akaonyesha ni jozi zipi za kauli tangulizi zinazozaa hitimisho la lazima. Hoja ya namna hiyo, yenye kauli tangulizi mbili na hitimisho moja, huitwa silojisimu. Mojawapo ya zile alizozikubali, ambayo walimu wa Ulaya wa zama za kati waliipa jina la Darapti, huenda hivi: kila nyangumi ni mamalia, kila nyangumi huishi majini, kwa hiyo, baadhi ya viumbe wanaoishi majini ni mamalia. Ni hoja isiyotia shaka, kwa sababu nyangumi wapo, na yeyote kati yao akichukuliwa peke yake anatosha kuwa ushahidi wa hitimisho.

Mambo hubadilika pale inapokuwa haijulikani kama kitu kinachozungumziwa kipo. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika hisabati. Namba kamilifu ni namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe: 6 ni kamilifu kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6, na 28 ni kamilifu kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Namba kamilifu zote zilizowahi kupatikana ni shufwa, yaani hugawanyika kwa 2 bila baki, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kama ipo au haipo namba kamilifu iliyo witiri, yaani isiyogawanyika hivyo. Sasa na itazamwe hoja hii: kila namba kamilifu ya witiri ni kamilifu, kila namba kamilifu ya witiri ni witiri, kwa hiyo, baadhi ya namba witiri ni kamilifu. Umbo lake ni lile lile la hoja ya nyangumi, na kauli zake mbili za mwanzo hazionekani kusema lolote zaidi ya kile ambacho jina la kitu limekwisha kukisema, lakini hitimisho lake linajidai kutatua kwa mistari mitatu fumbo ambalo wanahisabati wamelihangaikia tangu zama za kale. Bila shaka kuna kasoro, na historia ya suala hili ni historia ya mabishano juu ya mahali ilipo.

Jibu la kwanza huitafuta kasoro katika kauli tangulizi. Ibn Sina (980–1037), aliyeijenga upya mantiki ya Aristotle kwa Kiarabu, alifundisha kwamba kauli ya kukubali haiwi kweli isipokuwa kiima chake, yaani kile kinachozungumziwa, kina namna fulani ya kuwapo, iwe katika ulimwengu wa nje au akilini, ilhali kauli ya kukanusha inaweza kuwa kweli hata pale ambapo kiima hakipo kabisa. Katika karne ya 14 Jean Buridan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Paris, alishika msimamo wa jamii hiyo. Kwa mtazamo huu, ikiwa hakuna A yoyote, basi "kila A ni B" ni uongo, na kwa hiyo "si kila A ni B" ni kweli. Mfumo mzima wa aina nne za kauli unasimama bila kupingana popote. Jambo hili linastahili kusisitizwa, kwa kuwa vitabu vingi vya karne ya 20 humweleza Aristotle kana kwamba alighafilika na kusahau vitu visivyokuwapo, na hukumu hiyo si ya haki. Mfumo wake, ukisomwa hivyo, ni kamili. Unachodai ni kwamba anayesema "kila" awe tayari kuubeba mzigo wa kuwapo kwa anachokizungumzia.

Mzigo huo, hata hivyo, ni mzito mno kwa mwanahisabati. Mwaka 2012 Pascal Ochem na Michaël Rao walichapisha uthibitisho kwamba kila namba kamilifu ya witiri ni kubwa kuliko 10 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi kufikia kipeo cha 1500. Huo ni uthibitisho halisi, uliofanyika hatua kwa hatua na kwa msaada wa kompyuta, juu ya kitu ambacho pengine hakipo. Lau "kila" ingedai kuwapo, wawili hao wasingeweza kujua kama nadharia yao ni kweli mpaka kwanza mtu aipate namba yenyewe, ilhali kazi za namna hiyo hufanywa kwa tumaini kwamba masharti yatakusanyika hadi yabainike kuwa hayawezi kutimizwa kwa pamoja na namba yoyote. Uthibitisho wa kwamba kitu hakipo, mara nyingi, hupita katika njia ya kuthibitisha mengi kuhusu "kila" kitu cha aina hiyo.

Kwa sababu hiyo karne ya 19, iliyoifanya mantiki kuwa tawi la hisabati, ilichagua jibu la pili. George Boole, katika kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu sheria za fikra, aliipa alama ya 0 seti isiyo na kitu chochote ndani yake, na kwa hatua hiyo utupu ukapata nafasi halali katika mahesabu ya mantiki. Mwaka 1874 Franz Brentano alidai kwamba "kila A ni B" maana yake si zaidi ya "hakuna A isiyo B", na mwaka 1879 Gottlob Frege, mwalimu wa hisabati mjini Jena, akaiandika kauli hiyo kama sharti: kitu chochote kile, ikiwa ni A, basi ni B. Kwa tafsiri hii kauli tangulizi kuhusu namba kamilifu za witiri ni kweli tupu, na kasoro inahamia katika hatua ya kufikia hitimisho. Darapti si halali tena mpaka iongezwe kauli ya tatu inayosema kwamba A ipo. Kati ya maumbo 24 ya silojisimu yaliyotambuliwa na mapokeo, 9 yanaanguka kwa namna hiyo, na 15 yanabaki.

Gharama yake haikuwa ndogo. Ikiwa hakuna A, basi "kila A ni B" na "hakuna A iliyo B" zote mbili huwa kweli kwa wakati mmoja, jambo linalogongana na usemaji wa kawaida. Mwaka 1952 P. F. Strawson wa Oxford aliuliza nini kisemwe juu ya mtu anayetamka kwamba watoto wote wa John wamelala, ilhali John hana mtoto. Frege angelazimika kuiita kauli hiyo kweli na Ibn Sina angeiita uongo. Strawson alijibu kwamba swali la ukweli au uongo haliwezi hata kuanza, kwa kuwa sharti linalotangulia kusemwa kwake halikutimia. Kwa mazungumzo ya watu, maelezo ya Strawson ndiyo yaliyo karibu zaidi na ukweli. Kwa programu ya kompyuta inayokagua kama madeni yote ya mteja yamelipwa, Frege ndiye anayefaa: mteja asiyewahi kukopa ni lazima apite.

Inafaa kuongeza kwamba mantiki iliyomrithi Frege haikuutua mzigo wa kuwapo moja kwa moja, maana iliuhamisha tu kutoka kila kauli na kuuweka chini ya mfumo mzima. Mantiki ya kawaida inayofundishwa vyuoni huchukulia kwamba uwanja wa vitu vinavyozungumziwa hauwi mtupu kamwe, na kwamba kila jina lina mwenye jina. Ndani yake, kutokana na kauli kwamba kila kitu ni sawa na chenyewe, huruhusiwa kuhitimisha kwamba kuna angalau kitu kimoja, kana kwamba mantiki peke yake inaweza kuthibitisha kuwa ulimwengu si mtupu. Bertrand Russell, ambaye mfumo aliouandika pamoja na Alfred North Whitehead ulikuwa na tabia hiyo, alikiri mwaka 1919 kwamba sasa anaiona kuwa dosari katika usafi wa mantiki. Tangu katikati ya karne ya 20 imejengwa mifumo inayouruhusu uwanja mtupu, na mingine, iitwayo mantiki huru, inayoruhusu hata majina yasiyo na mwenye jina. Mifumo hiyo inafanya kazi, ingawa kanuni zake ni ndefu zaidi, na wanahisabati wengi wanaendelea na ule wa zamani kwa sababu uwanja wao ni wa namba, na namba haziwaishii.