Tangazo la Ploti Kama Somo la Darasani

Kando ya barabara ya Mombasa, karibu na Lukenya, mabango yanauza ploti: maji yapo, stima ipo, hati miliki ni tayari. Matangazo ya aina hiyo huingia pia kwenye simu. Mwalimu anayetaka kufundisha upimaji wa habari hana haja ya kutafuta mfano wa mbali.

Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Tangu 2016 serikali ilikuwa imeanza kusambaza tableti katika shule za msingi. Lakini mtoto anaweza kujua kufungua ukurasa na bado asijue kuutilia shaka.

Shaka nayo ina mbinu zake. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa habari. Wengi katika makundi mawili ya kwanza walibaki kwenye ukurasa uleule, wakapumbazwa na nembo na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliuacha upesi, wakaenda kwingine kuuliza ni nani aliyeuandika na wengine wanasemaje juu yake. Hao ndio waliofika kwenye jibu sahihi, tena kwa muda mfupi.

Bango la ploti husomwa hivyohivyo. Ukilitazama mchana kutwa, utajua tu kile mwuzaji alichotaka ujue. Ulizia nambari ya kiwanja, kisha upekuzi ufanywe katika masijala ya ardhi. Tafuta nambari hiyo katika tovuti ya Kenya Law, inayochapisha hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi bila malipo. Kumwonyesha mwanafunzi mlango wa kubisha ni kazi ya mkutubi tangu enzi za kadi za katalogi. Ndiyo maana somo hili linafaa kuanzia maktabani, halafu liingie katika Jiografia, Historia na Kiswahili.

Uzito wake ulionekana hapa Mavoko Oktoba 2023. Baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi iliyobishaniwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland, nyumba zilibomolewa, zikiwemo za watu waliosema walinunua viwanja vyao na kupewa karatasi.

Hata hivyo, si haki kumtwika mnunuzi mzigo wote. Kuhakiki kunahitaji rekodi zinazofikika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kuamua ombi lake ndani ya siku 21. Basi zoezi la mwisho la muhula liwe barua: darasa liiandikie ofisi husika, lihesabu siku, kisha lipime jibu kama lilivyolipima bango.